Namba ya toleo bila muda ni nusu ya ahadi

Niweke msimamo wangu mapema kabisa ili usisome hadi chini ukijiuliza huyu anasimama wapi. Mradi wa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha, ukitoa toleo jipya, namba ya toleo inatuambia kimebadilika nini, hilo ni jambo zuri na nalishukuru, lakini sisi tunaozitumia hizi programu huku Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe kuna kitu cha pili tunakihitaji kuliko hata namba yenyewe, nacho ni kujua tuna muda gani kabla cha zamani hakijazimwa. Namba bila muda kwangu mimi ni nusu ya ahadi. Na hii makala yote ni kuelezea kwa nini naamini hivyo, kwa sababu nimeona watu wengi wanabishana kuhusu namba tu, ooh hii ilitakiwa iwe 3 sio 2.9, halafu suala la muda hakuna anayeligusa.

Kwa wale ambao hawaandiki kodi, yaani maagizo ya programu (sio kodi ya serikali), ila mnasoma hapa: API ni ile sehemu ya programu ambayo programu nyingine inaruhusiwa kuigusa, yaani majina ya funksheni (kazi ndogondogo unazoweza kuiambia ifanye), vitu unavyoipa, na majibu inayokurudishia. Ndani ya programu mwandishi anaweza kubomoa na kujenga anavyotaka, lakini ile sehemu ya kugusia akiibadilisha basi kila aliyejenga juu yake anaathirika, awe Oslo awe Vwawa.

Utaratibu wa namba unaotumika sana siku hizi aliuandika Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ambako watu wanahifadhi kodi zao, na toleo la 2.0.0 la huo utaratibu lilitoka 2013. Unasema namba ziwe tatu. Kwenye 2.4.1, ile 2 ikipanda ujue kuna kitu kimevunjwa na kodi yako ya zamani inaweza ikagoma, ile 4 ikipanda kimeongezwa kitu bila kugusa cha zamani, ile 1 ikipanda ni bagi, yaani kasoro, tu zimerekebishwa. Ukikuta inaanza na sifuri, tuseme 0.3.7, hapo mwandishi anakwambia bado anajenga na chochote kinaweza kubadilika saa yoyote. Ni rahisi, unaeleweka, na unasomwa na mashine pia, na hapo kwenye kusomwa na mashine ndo panapotugusa kwenye mfuko.

Tuchukue Laravel, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya PHP, maana ndo vijana wengi ninaokutana nao hapa mjini wanaanza nayo. Ukifungua faili la composer.json, linaloorodhesha vitu mradi wako unavyovitegemea, utakuta mstari umeandikwa kitu kama "^6.0". Ile alama ya kofia inaiambia mashine kwamba niletee toleo lolote jipya mradi usifike 7. Yaani umeiachia mashine ichague yenyewe, na unaiachia kwa kuamini kwamba yule mwandishi wa mbali ataheshimu maana ya namba. Sasa zamani, kwenye mfululizo wa 5, Laravel hawakuwa wanafuata huo utaratibu, kwao namba ya kati ndo ilikuwa na mabadiliko makubwa, ndo maana mradi mpya walikuwa wanakuandikia "5.4.*" na sio kofia. Mtu aliyebadilisha akaweka "^5.4" kwa kuamini kanuni ya jumla alijikuta ameletewa 5.5 na 5.6 na mambo yakaanza kugoma, na kiukweli kanuni aliifuata vizuri tu, tatizo ni kwamba kanuni aliyoifuata haikuwa ya ule mradi. Wao wenyewe walilitatua hili mwaka 2019, toleo la 6 lilipotoka mwezi wa 9 wakatangaza kwamba kuanzia hapo wanafuata utaratibu wa namba tatu.

Na kwenye hilohilo toleo la 6 waliondoa funksheni nyingi za mkato ambazo watu walikuwa wamezizoea, zile za str_slug, array_get na ndugu zake. Hapo ungetegemea kilio nchi nzima. Lakini walizitangaza mapema kwenye 5.8 kwamba zinaondoka, halafu wakazihamishia kwenye pakeji (fungu la kodi unaloliongeza kwenye mradi) ya pembeni inaitwa laravel/helpers, unaisimika hiyo na kodi yako ya zamani inaendelea kama kawaida huku unairekebisha taratibu. Hii ndo naiita adabu ya kutunza mradi. Umevunja, sawa, lakini umeacha daraja. Na sasa hivi kwenye nyaraka zao wameandika wazi kila toleo kubwa linarekebishiwa bagi miezi 18 na linapata marekebisho ya usalama miaka 2. Mimi nikiona sentensi kama hiyo napumua, maana naweza kupanga kazi.

Kupanga kazi maana yake nini huku kwetu? Ngoja nieleze hili kwa kirefu maana ndo kiini cha hoja yangu.

Baadhi ya wateja wangu ni vyama vya ushirika vya kahawa, AMCOS, kule Mbozi. Kahawa inaanza kuingia katikati ya mwaka, na ikishaanza ofisi ya chama haina muda na mtu. Kuna laptopu moja, printa moja ya stakabadhi, karani mmoja na foleni ya wakulima na magunia yao, kila mzigo unapimwa, kilo zinaingizwa, stakabadhi inatoka, jina linasainiwa. Mtandao upo ukiwa na bahati, bando ananunua karani kwa hela yake halafu anakuja kurudishiwa. Katika kipindi hicho hakuna mtu mwenye akili timamu anayegusa mfumo, hata kama toleo jipya lina mazuri kiasi gani. Unasubiri kahawa iishe, mnada upite, malipo ya kwanza yatoke, malipo ya pili yatoke, ndo unapanda gari Mbeya unapita Mbalizi, unapita Mlowo, unafika, unakaa na mfumo siku unayoweza kukaa nao kwa utulivu. Dirisha la kufanya mabadiliko ni moja kwa mwaka, na dirisha lenyewe liko kwenye mvua.

Katibu wa chama kimoja, mzee ninayemheshimu sana, nilipomweleza habari ya matoleo mapya alinijibu, "Mwanangu, mimi sikatai kipya, ila hiki cha sasa kitembee mpaka tumalize malipo ya pili, baada ya hapo lete unachotaka." Nikamwambia sawa mzee. Na nilivyokuwa narudi nikawa nafikiria kwamba yule mzee amesema kwa sentensi moja kitu ambacho miradi mingi mikubwa ilichukua miaka kukielewa. Hajasema usibadilishe. Amesema nipe tarehe, na tarehe yenyewe ianzie kwenye kazi yangu mimi, isianzie kwenye kalenda yako wewe.

Sasa pima mwenyewe. Mradi ukitangaza leo kwamba funksheni fulani inaondoka halafu baada ya miezi mitatu imeondoka kweli, namba wamepandisha vizuri kabisa kutoka 3 kwenda 4, hakuna kanuni waliyovunja. Lakini mimi nimekwama katikati ya msimu na toleo ambalo halirekebishwi tena, tundu la usalama likipatikana mwezi wa 8 nina uchaguzi wa mambo mawili na yote mabaya, nibaki na tundu au nibomoe mfumo foleni ikiwa nje. Kubadilisha API katikati ya msimu ni kama kubadilisha mzani katikati ya msimu, hata huo mpya uwe sahihi kuliko wa zamani, wakulima watakaokuja kesho wanajua walichopimiwa jana. Kwa hiyo kwangu muda wa tahadhari ulio chini ya mwaka mmoja hautoshi. Mwaka mmoja maana yake lazima dirisha moja litapita ndani yake, haijalishi umetangaza mwezi gani.

Mfano mkubwa kuliko yote wa suala la muda ni Python, lugha ya kuandikia programu. Python 3.0 ilitoka mwezi wa 12 mwaka 2008, na ilivunja mambo mengi kwa makusudi. Walipanga kuacha kuihudumia Python 2.7 mwaka 2015, wakaona watu hawajahama, wakaisogeza hadi tarehe 1 Januari 2020. Hebu piga hesabu, ni zaidi ya miaka 11 kutoka toleo jipya kutoka hadi la zamani kufungwa. Wapo wanaosema ule uhamaji ulikuwa vurugu na kwamba Python 3 ilikosea kuvunja vitu vingi kwa mpigo mmoja. Kwenye kuvunja kwa mpigo nakubaliana nao. Lakini ule muda waliouongeza uliokoa ofisi nyingi sana ambazo hazina fundi wa kudumu, na sidhani kama wanaosemea vurugu wamewahi kufikiria ofisi ya aina hiyo.

Nilirithi mfumo mmoja wa ripoti za kahawa ulioandikwa kwa Python 2 na watu waliokuwepo kabla yangu, nikapewa kazi ya kuuhamisha kwenda Python 3. Mambo ambayo kila mtu anayajua yalikuwepo, print inataka mabano, 5/2 zamani ilikuwa inatoa 2 sasa inatoa 2.5, na majina yenye ng' ambayo yalikuwa yakitokea kwenye simu yanakuja na ile alama ya juu iliyopinda badala ya iliyonyooka, Python 2 ilikuwa inayakataa mara kwa mara na Python 3 inayapokea vizuri, hiyo ilikuwa faraja kwa karani. Kitu kilichotushughulisha kilikuwa kidogo zaidi ya hivyo vyote. Tulikaa na karani na vitabu vya stakabadhi, zile nakala za kaboni, tukawa tunalinganisha mstari kwa mstari kabla ya msimu, na mistari mingine ikawa inapishana shilingi moja. Moja tu.

Chukua kilo 10.5 kwa bei ya shilingi 4,105, jibu ni 43,102.5. Python 2 ukiiambia round inakupa 43,103, nusu inapanda juu kama tulivyofundishwa darasani. Python 3 inakupa 43,102, kwa sababu walibadilisha kanuni, nusu kamili sasa inaenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kitaalamu wana sababu nzuri tu, ukijumlisha namba nyingi sana ile njia ya zamani inavuta jumla kwenda juu. Na waliandika kwenye nyaraka zao, hawakuficha. Lakini jina la funksheni ni lilelile, round, unaipa kitu kilekile, haitoi kosa lolote kwenye skrini, jibu tu ndo limekuwa jingine. Mkulima ana karatasi yenye 43,103 na kompyuta inasema 43,102, na mkaguzi wa ushirika akija hataki kusikia habari za namba shufwa. Tuliandika upya ile sehemu kwa moduli ya decimal na kuiambia waziwazi ROUND_HALF_UP, vitabu vikakubaliana na mashine. Karani aliridhika alipoona jumla ya ukurasa mzima inalingana.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo mhandisi mmoja aliyekuwa Google, Hyrum Wright, alilisema na watu wakaliita kanuni yake: watumiaji wa API yako wakishakuwa wengi, haijalishi umeahidi nini kwenye nyaraka, kila tabia ya mfumo wako inayoonekana kuna mtu mahali fulani anaitegemea. Kila tabia. Mpangilio wa majibu, maneno ya ujumbe wa kosa, kasi, hata bagi. Na ukiamini hili, kama mimi ninavyoamini, basi unaona kwamba namba ya toleo haiwezi kubeba kila kitu, kwa sababu mwandishi akisema "nimerekebisha bagi tu" anasema kweli kwa upande wake, na aliyevunjikiwa naye anasema kweli kwa upande wake.

Hata namba yenyewe inaweza kutegemewa. Linux, kerneli yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, ilikaa kwenye 2.6 kwa miaka mingi hadi 2.6.39, halafu mwezi wa 7 mwaka 2011 Linus Torvalds, aliyeianzisha, akaamua linalofuata liitwe 3.0, na alisema wazi hakuna jambo kubwa jipya ndani yake, namba tu zilikuwa zimekuwa ndefu. Tokea hapo 4.0 mwaka 2015, 5.0 mwaka 2019, 6.0 mwaka 2022, zote kwa mtindo huohuo. Sasa zilikuwepo programu ambazo zilikuwa zinasoma namba ya kerneli na kutegemea ianze na 2.6, zilipokutana na 3.0 zikagoma. Wakalazimika kuweka swichi ndani ya kerneli inayoiambia programu ya zamani kwamba hapa ni 2.6.40, ili tu iendelee kufanya kazi. Watu wanaona ni kituko, mimi naona ni heshima. Mtu aliyeandika ile programu alifanya kitu kisicho sahihi, na bado hawakumwambia shauri yako.

Na hapa ndo napenda watu waelewe, Linux namba yake haina maana yoyote kwa utaratibu wa namba tatu, lakini ahadi yake ni kubwa kuliko ya miradi mingi yenye namba safi. Sheria yao ni kwamba hawavunji programu za watumiaji, basi. Programu uliyoijenga zamani ikifanya kazi jana, kerneli mpya ikaiua, hiyo ni bagi ya kerneli. Upande wa ndani, kwa wanaoandika madereva ya vifaa, hakuna ahadi kabisa, na Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wake, ameandika hati nzima ndani ya Linux kueleza kwa nini API ya ndani haitatulizwa. Ukiangalia vizuri wamechora mstari, upande huu tunaahidi milele, upande huu hatuahidi chochote, na kila mtu anajua amesimama upande gani. Go, lugha nyingine ya kuandikia programu, nao walifanya kitu cha namna hiyo, Go 1 ilitoka mwezi wa 3 mwaka 2012 na ahadi kwamba programu iliyoandikwa kwa Go 1 itaendelea kujengeka kwenye matoleo yote yanayofuata ya Go 1, na hadi leo wanaendelea na ile 1.

Vijana wa ramani nao wana lao. Kuna jamaa zangu wanaofanya kazi ya kuchora mashamba ya mpunga kule Usangu, Mbarali, na wanatumia QGIS, programu huria ya ramani. Ilipotoka QGIS 3.0 mwezi wa 2 mwaka 2018 ilihama Python 2 kwenda Python 3 na Qt 4 kwenda Qt 5 (zana inayochora madirisha yake) kwa mkupuo, kwa hiyo plagini, yaani viongezi, zote zilizoandikwa kwa mfululizo wa 2 zikawa hazifunguki hadi ziandikwe upya. Kilichowaokoa ni kwamba QGIS ina matoleo ya muda mrefu, na 2.18 ilikuwa mojawapo, wakabaki nayo wakamaliza kazi yao ya shambani huku 3.4, la kwanza la muda mrefu kwenye mfululizo wa 3, likiiva. Hakuna aliyelala na njaa. Namba kubwa ilipanda, vitu vikavunjika, na watu hawakuumia kwa sababu muda uliandikwa.

Mfano mwingine ulio karibu na sisi ni DHIS2, mfumo huria wa taarifa za afya unaoendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambao unabeba taarifa za vituo vyetu vya afya Tanzania. Wao waliweka namba ndani ya anwani ya API, kitu kama /api/36/, kwa hiyo kodi iliyoandikwa kwa toleo lile iliweza kuendelea kuuliza kwa toleo lile hata seva ikishapandishwa, kwa matoleo machache mbele. Inaonekana ni kitu kidogo. Lakini aliyeandika ripoti ya wilaya akahamishiwa wilaya nyingine, ile ripoti yake haikufa siku seva ilipopandishwa.

Upande wa pili wa shilingi ni PHP na zile mysql_connect na wenzake, funksheni za kuunganisha tovuti na hifadhidata. Zilitangazwa kuondoka kwenye 5.5 mwaka 2013 na zikaondolewa kwenye 7.0 mwezi wa 12 mwaka 2015. PHP walitoa tahadhari ya zaidi ya miaka miwili, siwalaumu wao. Ila tovuti nyingi za ofisi, shule na makanisa huku ziliandikwa na mtu aliyeshalipwa na kuondoka zamani, ile tahadhari ilikuwa inaandikwa kwenye logi (kumbukumbu za seva) ambayo hakuna anayeisoma. Kampuni moja ya hosting, yaani inayotunza tovuti za watu kwenye mashine zake, sitaitaja, ilipandisha PHP usiku bila kuwaandikia wateja wake, asubuhi kurasa za watu ni nyeupe tupu, simu yangu ikawa inaita toka alfajiri na wanaopiga wote wanasema "fundi, tovuti imekufa." Tahadhari isipomfikia mwenye mali sio tahadhari. Kati ya mradi na mkulima kuna watu wengi, hosting, fundi, msambazaji, na kila mmoja akikaa kimya muda unapotea njiani.

Na kuna mambo ambayo namba haiwezi kabisa kuyazuia, niyataje tu. Mwezi wa 3 mwaka 2016 pakeji ya left-pad, mistari 11 ya kodi, iliondolewa na mwenyewe kwenye npm, ghala la pakeji za JavaScript, na miradi duniani kote ikashindwa kujengeka. Mwezi wa 1 mwaka 2022 mtunzaji wa pakeji nyingine, colors, akatoa 1.4.1, namba ndogo kabisa, ile inayotakiwa kuwa ya bagi tu, na ndani ameweka kitanzi kisichoisha, programu inazunguka palepale. Aliyekuwa na kofia kwenye faili lake bila kufungia matoleo mashine ilimletea yenyewe. Kwa hiyo faili la kufungia matoleo, lile linaloandika toleo kamili la kila pakeji, composer.lock au package-lock.json, liwekwe kwenye git (zana ya kutunza historia ya kodi) pamoja na kodi, na kwenye ofisi ya mteja ni composer install tu, inayoleta matoleo yaleyale yaliyofungiwa, update isiguswe pale. Inaokoa na bando pia.

Sasa nije kwa sisi wenyewe tunaoandika, maana tumeanza kuandika na watu wanatutegemea. Nimeona maktaba kadhaa, yaani kodi iliyoandikwa ili wengine waitumie ndani ya programu zao, za Watanzania, za malipo ya simu, za kutuma SMS, za kuhakiki namba za simu, kodi nzuri kabisa, na nyingi ziko 0.2, 0.4, miaka inapita ziko palepale kwenye sifuri huku maduka na zahanati zinazitumia kila siku. Utaratibu wenyewe kwenye sehemu ya maswali unasema kama programu yako inatumika kwenye kazi halisi basi pengine ilitakiwa iwe 1.0.0 tayari. Naelewa kinachowafanya watu wasite, 1.0 inaonekana kama unasema imekamilika, na mtu mstaarabu hapendi kujisifu. Ila 1.0 haisemi imekamilika. Inasema nimekubali kwamba upo, unayenitegemea, na sitakuvunjia bila kukuambia. Kama unatunza mradi wa hivyo na unasoma hapa nakusihi kabisa, itoe hiyo 1.0.

Mimi na mwenzangu mmoja tunatunza maktaba ndogo inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili kwa ajili ya stakabadhi na hati za malipo, unaipa 15,300 inakupa elfu kumi na tano na mia tatu. Mfululizo wa 1 unaandika 205,000 kama "elfu mia mbili na tano". Mtumiaji mmoja wa Njombe anayetengeneza hati za wanunuzi wa viazi akatuandikia kwamba hayo maneno yanaweza kusomeka 200,005 vilevile, na amesema kweli, kwenye karatasi ya hela hiyo ni hatari, anaomba iwe "laki mbili na elfu tano". Mwenzangu akasema hiyo ni bagi ya wazi, turekebishe, namba ndogo ipande, kesho itoke. Mimi nikasema hapana. Maneno yanayotoka ndo kitu pekee maktaba hii inatoa, hayo maneno ndo API yenyewe, na kuna watu wameshapanga upana wa mistari kwenye fomu zao, kuna anayelinganisha maneno ya hati ya zamani na mpya ili kuhakiki, akipokea "laki" ghafla asubuhi ya siku ya malipo mfumo wake utaikataa hati halali.

Tulibishana sana, kwa nia njema. Tulipofika ni hapa: inatoka kama 2.0, njia mpya ya laki ndo ya kawaida, na kuna chaguo la kurudisha mtindo wa zamani kwa anayeuhitaji. Kwenye mfululizo wa 1 tumeongeza chaguo la laki kwa anayetaka kuwahi, kwa hiyo yule wa Njombe hakusubiri, na kila namba ya aina hiyo ikipita inaandikwa onyo kwenye logi, kwa Kiswahili, likieleza nini kinakuja na lini. Mfululizo wa 1 utaendelea kurekebishiwa bagi hadi malipo ya pili ya kahawa ya msimu ujao yawe yamepita, na sio "tutaangalia", tumeandika mwezi na mwaka juu kabisa ya README, faili la maelezo la mradi, kabla hata ya maelezo ya kusimika. Mwenzangu bado anaona ilikuwa bagi. Inawezekana. Ila tarehe tumekubaliana na haitawahishwa, ikisogezwa itacheleweshwa kwa faida ya anayetumia, na kama una mfumo unaotumia mfululizo wa 1 na kalenda yako ni ya chai au ya mpunga badala ya kahawa, tuandikie sasa kabla hatujatoa 2.0, tutaiangalia upya.